Moyo Mzito Usioisha: Maswali Ambayo Watu wa Nakuru na Kisumu Huuliza Kuhusu Sonona

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Nakuru, upande wa Kaptembwo. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba na mkoba wa kupimia presha na sukari. Mara nyingi nikishamaliza kupima, mtu husema, "Kuna kitu kingine nilitaka kukuuliza," halafu anaenda kufunga mlango kwanza. Mengi ya maswali haya nimeulizwa mlango ukiwa umefungwa. Mengine huletwa na dada yangu aliyeolewa Kisumu, ambaye majirani zake wa Nyalenda humtuma aniulize. Mimi si daktari. Nayajibu kama mtu aliyefunzwa, na kama mtu aliyeugua sonona mwenyewe mwaka 2020 akapona.

Sonona ni nini? Si ni stresi tu?

Stresi huwa na mwenyewe. Ni karo, ni kodi ya nyumba, ni mkopo wa simu uliofika siku yake. Ukilipa unashusha pumzi, unakula, unalala. Sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, haishuki hata shida ikiondoka. Unaweza kulipa kodi na bado ukaamka kesho yake ukiwa na jiwe lile lile kifuani.

Wahudumu wa afya huangalia mambo mawili kwanza: moyo kuwa mzito, au kupoteza hamu ya vitu ulivyovipenda. Moja kati ya hayo liwepo karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, kwa muda usiopungua wiki mbili. Kisha wanaangalia yanayofuatana nalo: usingizi kuharibika, chakula kukosa ladha au kuliwa kupita kiasi, uchovu, akili kushindwa kutulia, kujilaumu, kukata tamaa, na fikira za kifo. Yakijaa kiasi cha kukuzuia kazi, masomo au kulea, huo ni ugonjwa, na una matibabu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 332 duniani wanao. Kwa hiyo anayekuambia ni ugonjwa wa wazungu au wa matajiri wa Nairobi, mjibu kwa upole kwamba lugha zetu ziliujua zamani. Wajaluo wana kuyo na parruok, Wakikuyu wana kieha, na sisi sote tunasema "ana mawazo mengi". Kilichokosekana ni kulipeleka jambo hilo hospitali.

Nitaijuaje kwa mtu wa kawaida, asiyelia?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aulize, kwa sababu hapa kwetu sonona haiji na machozi sana. Huja na mwili. Mtu atakuambia kichwa kinamgonga, mgongo unawaka, tumbo limejaa gesi, miguu haina nguvu. Atakuambia malaria haimwishi. Hadanganyi, maumivu yale ni ya kweli.

Nieleze yangu. Machi 2020 soko la maua huko Ulaya lilipoanguka kwa sababu ya korona, mashamba ya Naivasha yalipunguza watu, nami nilikuwa miongoni mwa walioambiwa warudi nyumbani. Nikaja Nakuru, nikafungua kibanda cha mboga. Mwezi wa nane, asubuhi moja, nilifika pale na gunia la sukuma begani na ufunguo mkononi. Kufuli liko mbele yangu. Mkono haukuinuka. Sikuwa nawaza kitu chochote na sikuwa na chozi. Nilikuwa naangalia tu kutu iliyokuwa imekula ukingo wa lile kufuli. Nilisimama hivyo mpaka mama wa chapati wa kibanda cha pili akauliza, "Dada, kufuli limekataa?" Nikamjibu ndiyo, limekataa. Nikarudi nyumbani na gunia langu, nikalala na viatu. Zile sukuma ziligeuka njano zikiwa ndani ya gunia, umbali wa hatua mbili kutoka kitandani.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeshaenda zahanati moja mara nne. Nilipewa dawa za malaria mara mbili, ingawa kipimo hakikuonyesha malaria, na dawa za vidonda vya tumbo mara moja. Mara ya nne niliambiwa sina kitu, nipunguze mawazo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nalala vipi.

Kwa hiyo angalia mabadiliko. Kinyozi aliyekuwa na mdomo mtamu amenyamaza. Mama aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye chama sasa anatuma mchango kwa simu, kisha mchango nao unakoma. Sare za watoto hazijafuliwa kwa mtu uliyemjua kwa usafi. Mtu hapokei simu. Nguo za kanisani zimebaki kwenye msumari. Haya husema zaidi ya machozi.

Mbona nalala vizuri saa nne, lakini saa tisa usiku niko macho?

Kuamka mapema kuliko kawaida na kushindwa kurudi usingizini ni mojawapo ya dalili zinazojulikana sana za sonona. Wengi huona saa hizo na za alfajiri ndizo mbaya kuliko zote, kisha jioni wanapata nafuu kidogo. Usiku mmoja wa namna hiyo si kitu. Zikipita wiki mbili, mwambie mhudumu wa afya saa yenyewe unayoamka. Inamsaidia kuliko kusema tu "silali".

Inatoka wapi? Ni pepo, ni chira (laana ya kuvunja mwiko), au ni uvivu?

Si uvivu. Mvivu hafurahii kazi lakini anafurahia kupumzika, na mgonjwa wa sonona hata kupumzika hakumpi raha.

Sababu huwa zaidi ya moja. Kuna familia ambazo ugonjwa huu umo ndani ya ukoo, kama presha ilivyo. Kuna mambo ya maisha: kufiwa, kupoteza kazi, kupigwa nyumbani, njaa ya muda mrefu, kuteswa utotoni. Huku Nakuru wapo waliopoteza nyumba na watu wao katika vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, na bado kila msimu wa kura miili yao inakumbuka. Kuna pia magonjwa mengine. Anayeishi na VVU, kisukari au kifafa yuko karibu zaidi na sonona. Upungufu wa damu na tezi dundumio, ile ya shingoni, iliyolegea vinaweza kumfanya mtu mchovu na mzito kiasi cha kudhaniwa ana sonona, na ndiyo maana kupima damu si kupoteza pesa. Pombe nayo hushusha moyo, ingawa kwa saa ya kwanza inaahidi kuuinua.

Kuhusu pepo na chira, siingii nyumbani kwa mtu kubishana na imani yake. Huwa nasema hivi: fanyeni mnachoamini kinachotakiwa kufanywa na wazee au kanisa, ila mgonjwa afike kliniki wiki hii hii, na asifungwe kamba wala kupigwa wala kunyimwa chakula kwa jina la kuombewa. Hapo kwa mwisho huwa sina upole.

Nimefiwa miezi mitatu iliyopita. Huzuni yangu ni sonona?

Pole sana. Huzuni ya msiba huja kama mawimbi ya ziwa. Unaona koti lake unavunjika, halafu mjukuu anasema kitu unacheka, halafu unavunjika tena. Katika sonona hakuna wimbi, maji yamesimama tu, na mara nyingi mtu anaanza kujiona yeye mwenyewe hana thamani.

Shida yetu ni kwamba tunajua kumzika mtu kuliko tunavyojua kukaa na aliyebaki. Matanga yana hema, viti vya kukodi, vipaza sauti, sufuria kubwa za chai. Siku ya pili baada ya mazishi lori linabeba viti, na mjane anabaki na ukimya ambao hakuna aliyemwandaa kwa ajili yake. Mtembelee mwezi wa pili na wa tatu. Ikiwa muda unapita na hali inazidi, mtu hataki kula wala haogi, au anasema anatamani kumfuata marehemu, usingoje. Mpeleke.

Mke wangu amejifungua wiki sita zilizopita na hamtaki mtoto. Amekuwa mama mbaya?

Hapana, baba. Siku chache za kulia na kuchanganyikiwa baada ya kujifungua huwapata akina mama wengi, na kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili. Wiki sita ni nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na lililo kubwa ni sonona. Fanya wewe kazi ya usiku: mpokee mtoto, umwache mama alale saa nne mfululizo. Siku ya chanjo ya mtoto, nenda naye kliniki umwambie nesi hali ya mama pia, kwa sababu mara nyingi wanapima mtoto tu. Lakini akianza kusikia sauti, kuona vitu visivyokuwepo, au kusema mtoto si wake au ni wa shetani, hiyo ni dharura. Nenda hospitali usiku huo huo.

Mume wangu haonekani na huzuni. Ni hasira tu na pombe.

Inaweza kuwa sonona iliyovaa nguo nyingine. Wanaume wetu wamefundishwa kwamba kulia ni aibu, kwa hiyo moyo mzito hutokea upande wa ukali, chang'aa, kamari za mechi, au kuendesha pikipiki kama mtu asiyejali kama atafika. Hapa Kenya, kama kwingi duniani, wanaume ndio wengi zaidi kati ya wanaofariki kwa kujiua. Ongea naye akiwa hajalewa, mkiwa mnafanya kitu pamoja, sio uso kwa uso kama kesi. Mwambie ulichokiona, usimpe jina la ugonjwa: "Naona siku hizi hulali, na umeacha kwenda kuangalia mpira na wenzako." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu.

Na hili niliseme wazi: ugonjwa haumpi mtu ruhusa ya kukupiga. Kama anakupiga, usalama wako na watoto unakuja kwanza.

Mtu akisema amechoka kuishi, nikimuuliza juu yake si nitampa wazo?

Hutampa wazo. Kuuliza hakupandi mbegu. Kwa wengi ni mara ya kwanza mtu kuwafungulia mlango.

Kuna kijana wa boda katika steji ninayopita kila siku. Alianza kugawa vitu vyake: koti la mvua kwa huyu, kofia kwa yule. Wenzake walidhani amepata kazi mjini Eldoret. Nilimuita kando nikajifanya nataka kujua bei ya mafuta. Halafu nikamuuliza, "Ndugu yangu, unafikiria kujiua?" Niliuliza hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Aliangalia chini, akazungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni muda mrefu, kisha akasema, "Leo jioni." Sikuwa na hekima yoyote ya kumpa. Nilimwambia, "Basi leo jioni tuko pamoja." Tulikaa kwenye benchi la steji mpaka kakake akafika, tukaenda naye hospitali sisi watatu. Bado anabeba abiria pale.

Kwa hiyo uliza moja kwa moja. Usimwambie anatenda dhambi au kwamba wako walio na shida kuliko yeye. Usimwache peke yake, hata ukilazimika kulala kwake. Ondoa nyumbani chochote anachoweza kujidhuru nacho, zikiwemo dawa za shamba na za ng'ombe. Mpelekee jirani azifungie. Usikubali kuapishwa kutunza siri hii. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya haitozi pesa na inatoa ushauri. Kwa mtoto kuna 116, nayo ni ya bure. Ikiwa hatari ni ya sasa hivi, kimbilia hospitali iliyo karibu.

Wengi wameogopa hospitali kwa sababu ya polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na mtu aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Usimfiche mgonjwa kwa kuogopa pingu.

Dawa zake zinalevya? Nitazimeza maisha yote?

Dawa za sonona hazikuleweshi wala hazikufanyi uzitamani kama pombe au sigara. Inayotolewa sana katika hospitali za umma ni fluoksetini, na nyingine ya zamani ni amitriptilini, ambayo huleta usingizi na kukausha mdomo. Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kumeza siku nane, akaona hakuna kitu, akaacha. Dawa hizi huhitaji wiki mbili hadi nne kuanza kuonekana, na wakati mwingine sita. Wiki ya kwanza unaweza kupata kichefuchefu au kichwa kuuma kabla ya nafuu yenyewe. Mimi nilikaribia kuzitupa siku ya kumi. Siku ya ishirini na kitu nilisikia harufu ya vitunguu vya jirani vikikaangwa, nikagundua nina njaa. Nilikuwa nimesahau njaa ikoje.

Ukipona, daktari atakuambia uendelee kwa miezi mingine, mara nyingi tisa hadi kumi na miwili, ili ugonjwa usirudi. Kisha zinapunguzwa pole pole, si kuachwa ghafla. Usizichanganye na pombe, na usimeze za jirani. Mwambie daktari pia kama uliwahi kupata kipindi cha kutolala siku kadhaa ukiwa na nguvu na furaha iliyopita kiasi, ukitumia pesa ovyo, kwa sababu huo huenda ni ugonjwa mwingine unaotibiwa kwa njia nyingine. Kijana mdogo akianza dawa, wiki za kwanza awe na mtu wa kumwangalia kwa karibu.

Naweza kupona bila dawa?

Sonona isiyo kali, ndiyo, mara nyingi kwa mazungumzo ya mpango pamoja na kaunsela au mhudumu aliyefunzwa. Sio lazima awe na ofisi yenye kapeti. Mwaka 2006 daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza kuwafunza nyanya wa mtaa wa Mbare, Harare, wakae na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Wao huita ugonjwa huo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na sisi hapa hatuhitaji kutafsiriwa. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa na nyanya wale walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Jirani zetu wa Uganda nao, katika vijiji vya Masaka na Rakai, walijaribu vikundi vya kuzungumza, wanawake kwao na wanaume kwao, vikasaidia. Ndiyo maana naamini chama kinaweza kuwa zaidi ya kuzungusha pesa.

Kitu kingine kilichonisaidia: usingoje hamu ije ndipo ufanye. Katika sonona, tendo hutangulia na hamu hufuata nyuma ikichechemea. Kaunsela wangu alinipa kazi ya kuosha kikombe kimoja kwa siku. Nilikasirika, nikaona ananidharau. Nikaosha kikombe. Wiki iliyofuata ilikuwa vikombe na kutembea mpaka barabara ya lami na kurudi. Kibanda kilikuja baadaye sana.

Mchungaji amesema nikimeza dawa sina imani.

Mimi ni Mkristo na niliomba nikimeza. Mchungaji huyo akivunjika mguu atawekwa plasta. Wako viongozi wengi, makanisani na misikitini, wanaowaambia waumini waende hospitali, na mtu akiombewa na watu wanaompenda anapata faraja ya kweli. Lakini usikubali mtu yeyote akuondolee dawa bila daktari wako kujua. Na ukitaka kufunga, uliza kwanza namna ya kupanga saa za dawa.

Nimwambie nini mtu wangu anayeugua?

Maneno machache. "Niko hapa." "Nimekuja na uji." Usimwambie ajikaze, amejikaza mpaka akaisha. Usimuulize "unahitaji nini?" kwa sababu hajui. Mpe kitu kimoja kilicho tayari: "Nakuja saa tano tuote jua." Yule mama wa chapati alikuwa anapita kwangu kila jioni, anaacha chapati mbili zimefungwa kwenye gazeti, hasemi kitu, anaenda zake. Na wewe unayemtunza, lala na ule. Utachoka kabla yeye hajapona.

Niende wapi, na nikifika niseme nini?

Anza na zahanati au kituo cha afya cha karibu, au mhudumu wa afya wa mtaa wako. Kwa Nakuru, hospitali ya rufaa ya kaunti, ile wengi bado huita PGH, ina huduma za afya ya akili. Gilgil pia ziko. Kisumu kuna hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ya Russia. Kakamega kuna hospitali ya kaunti, na Eldoret hospitali ya rufaa ya Moi. Beba kitambulisho, na uliza hapo dirishani SHA yako, yaani bima ya afya ya serikali, inalipia nini.

Huenda ukapewa fomu ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama sifuri hadi tatu, zote pamoja ni 27. Kumi na kuendelea huwafanya wakuangalie kwa makini. Swali la mwisho linahusu fikira za kufa. Lijibu kwa ukweli.

Watu wengi hufika mbele ya nesi, foleni iko nyuma yao, wanasema "kichwa kinauma" na kurudi na panado. Kwa hiyo andika kwenye karatasi, au kwenye simu, kisha umwonyeshe: "Ni wiki tano sasa moyo wangu ni mzito kila siku. Naamka saa tisa usiku. Sina hamu ya kazi wala chakula. Naomba kupimwa sonona." Badilisha wiki na saa ziwe zako.